Mtu Uliyemkata Kwenye Picha

Mwanangu Yona,

Mama yako amelifunga begi lako mara mbili na kulifungua mara mbili, kwa hiyo habari za sweta, chandarua na namna ya kukaa na wenzako bwenini sizigusi. Hayo ni yake, atakuambia mwenyewe hadi uchoke. Mimi nimekaa hapa barazani, jua linashuka nyuma ya nyumba ya jirani, na wewe umekwenda Chimwaga kuwaaga wenzako. Nimeona niandike kabla hujarudi. Ukirudi tutakuwa tena kama tulivyokuwa wiki nzima hii: wewe chumbani umejifungia, mimi sebuleni nimewasha redio nisiyoisikiliza.

Tangu Jumapili hujaniamkia. Unapita unaangalia simu. Siandiki ili kukudai shikamoo. Naandika kwa sababu kesho unakwenda Mwanza kusomea siasa, na kuna habari ya mtu mmoja ambayo ulistahili kuijua kabla hujaanza kuwapanga wakubwa kwenye madaraja.

Nianze na hayo madaraja. Ulipoanza video zako nilizipenda, nisiseme uongo. Ulikuwa unaketi mezani, hata ugali hujaugusa, unaniuliza: "Baba, huyu mtemi wa zamani, alfa au sigma?" Unaniwekea picha za marais, za wapigania uhuru, za majenerali waliopindua serikali za watu. Alfa ni yule anayeamuru. Beta ni yule anayesema ndiyo mzee. Sigma anakwenda peke yake na hamjali mtu. Omega ni yule ambaye hata akiondoka chumbani hakuna anayejua. Tulicheka sana siku ile ulipombandika jenerali mmoja jina la omega kwa sababu ya kofia yake. Mimi nimekuwa bwana mifugo maisha yangu yote ya kazi, mambo ya madume na nafasi zao zizini nayajua kidogo, nikawa nakuchokoza kwamba mbona hujamweka ng'ombe jike mzee, maana ndiye anayetangulia kwenda majini na kundi zima likamfuata, dume likiwemo. Ukasema, "Baba, wewe hujaelewa konsepti." Tukaendelea kula.

Halafu ukaitoa ile picha kwenye albamu.

Unaijua picha ninayoisema. Ni ile tuliyopiga nikiwa kijana, kule Busi, tumesimama mbele ya Landrova. Ukairusha mtandaoni. Mkubwa, bosi wetu wa wakati ule, yuko katikati, mikono kifuani, ukamwandikia ALFA kwa rangi ya dhahabu. Elia, aliyekuwa katibu wake, yuko kulia kwake amekumbatia mafaili, ukamwandikia BETA. Mimi nimesimama nyuma kidogo, shati limenizidi, ukaniandikia OMEGA, na kikaragosi cha kucheka. Chini ukaweka maneno: mwamba aliyeingia kwenye mto uliofurika wakati wengine wanatetemeka. Watu wakapenda. Waliandika, "Mwamba!" "Wanaume wa zamani hao!" Mmoja akauliza yule wa nyuma ni nani, ukajibu, "Huyo ni mzee wangu, msimguse hahaha."

Lile la omega lilinichoma, lakini si lililoleta ugomvi. Ugomvi uliletwa na Zuhura.

Jumapili tumetoka kanisani, tumekaa kwenye chakula cha kukuaga, akabisha hodi. Wewe unamfahamu kama fundi cherehani wa pale mtaani Chang'ombe, dada aliyekushonea sare tangu darasa la kwanza. Aliingia hajavua hata utepe wa kupimia shingoni. Aliniamkia: "Shikamoo baba mdogo." Akamwamkia mama yako. Halafu akakugeukia wewe na simu mkononi.

"Yona mdogo wangu, hii picha umeikata kwa nini?"

Ukamwambia picha ilikuwa pana na video za simu ni nyembamba, kwa hiyo ulipunguza pembeni.

"Huku pembeni palikuwa na mtu."

"Alikuwa dereva tu, dada."

Zuhura akaishusha simu. Akasema taratibu, "Huyo dereva ni baba yangu. Hiyo ndiyo siku aliyokufa. Na hapo ulipoandika kwamba wengine walitetemeka, unamsema yeye."

Ungeishia hapo ukasema samahani, tungemaliza chakula. Ulisema, na mimi nilikuwepo, "Pole dada, lakini historia ni historia. Alfa anafanya maamuzi, na maamuzi yana gharama." Zuhura alimwambia mama yako asante, hatakula, na akatoka. Nikakuambia umfuate. Ukasema sikuelewi, na kwamba ndiyo maana nimestaafu bwana mifugo, watu wa daraja langu siku zote wanataka watu waombwe samahani.

Nikasimama. Na wewe ukasimama. Unanizidi urefu sasa, sikuwa nimeona vizuri mpaka siku ile. Tulisimama pale, kifua kwa kifua, mchuzi unapoa mezani, na niliona mkono wako umejikunja, na wangu pia ulikuwa umejikunja. Nimeona madume mawili kwenye zizi moja mara nyingi, najua kinachofuata. Nikamwona mama yako amefunika mdomo kwa khanga. Nikakaa. Ukadhani umeshinda, ukaenda chumbani kwako. Sikukaa kwa hekima yoyote, Yona. Nilikaa kwa sababu niliogopa nitakachokufanya, na niliogopa zaidi utakachonifanya wewe, ambacho ungeishi nacho.

Sasa nikusimulie safari ile. Wewe uliipata kwa baba yako mdogo, ambaye hakuwepo, na yeye aliipata mtaani, kule inakosimuliwa nusu yake tamu. Ulikuwa mdogo, unaipenda, unaomba irudiwe. Sikuikatiza. Nilidhani ukikua utaniuliza.

Mkubwa simtaji jina wala cheo. Amekwisha kufa na ana wajukuu. Sote tulimwita Mkubwa. Tulikwenda naye Busi kwa sababu wakulima na wafugaji walikuwa wamefikia kuchomana mikuki kwa ajili ya mashamba yaliyolishwa ng'ombe. Mimi nilichukuliwa kama mtaalamu wa mifugo, mgeni kazini, kijana kuliko wote. Elia alikuwa mwenyeji wa upande ule, mtu wa maneno machache, anajua kila korongo. Dereva alikuwa Rajabu.

Nakuambia ukweli, kwenye ule mkutano Mkubwa alikuwa mtu wa kutazamwa. Wakulima walikaa huku na majembe, wafugaji wakasimama kule na fimbo, na kelele zilikuwa za kutisha. Yeye alikwenda katikati, akavua kofia, akanyamaza hadi wakanyamaza. Akawaita wazee wa pande zote kwa majina yao, akawauliza habari za watoto wao. Ilipofika alasiri wale watu walikuwa wanaonyeshana mipaka kwa miguu yao wenyewe. Siku ile ningemfuata popote. Picha tuliipiga pale, tumefurahi, na Rajabu alikuwa ameegemea mlango wa gari huku akicheka, kwa sababu nilikuwa nimemwambia aache kula muhogo mbele ya kamera.

Wakati wa kurudi mawingu yalikuwa meusi upande wa milimani. Pale tulipokuwa hakukunyesha hata tone. Tulipofika kwenye korongo tukakuta maji. Asubuhi tulilivuka likiwa mchanga mtupu, na sasa lilikuwa la rangi ya chai, linakuja na matawi. Rajabu akazima gari. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini, akasimama kidogo, akarudi.

"Mkubwa, haya maji bado yanakuja. Hayajafika mwisho wake. Tungoje."

"Tungoje hadi lini?"

"Hata kesho asubuhi. Haya huondoka kama yalivyokuja."

Mkubwa akatazama saa. Kesho yake asubuhi alitakiwa Dodoma mjini, kuna mtu wa juu yake alikuwa anamsubiri na taarifa ya Busi. Akaanza kutembea huku na huku kwenye mchanga. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia anajisemea, "Huyu mzee hataki kusikia habari ya mvua. Ataniuliza mbele ya watu." Yona, yule mtu aliyewanyamazisha watu waliokuwa wakichomana mikuki alikuwa anaogopa. Aliogopa kuulizwa mbele ya watu. Kisha akamgeukia Rajabu kwa sauti kubwa.

"Wewe ni dereva au ni mtabiri wa hali ya hewa? Washa gari."

Rajabu akamtazama Elia. Mimi pia nikamtazama Elia, kwa sababu yeye alizaliwa kule na alijua. Elia akafungua faili akaanza kusoma. Nikamnong'oneza, "Kaka, inavukika?" Akajibu bila kuinua uso, "Yeye ndiye mkubwa." Basi. Rajabu akavaa viatu, akasema bismillahi, akawasha.

Katikati ya korongo injini ikazima. Maji yaliingia kwa chini, yakafika viti, na gari likaanza kusogea ubavu kidogo kidogo, kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni. Hapo sasa ndipo ile nusu unayoijua. Ni kweli yote. Mkubwa alivunja kioo kwa kiwiko. Alinisukuma mimi juu ya paa, akamvuta Elia kwa ukosi wa shati, na Elia alikuwa ameshikilia kiti hataki kuachia. Kisha akajifunga kamba ya kuvutia gari kiunoni, akaruka. Alizama, akaibuka mbali, akazama tena. Alifika ng'ambo akiwa anatapika maji, akaizungusha kamba kwenye mti wa mgunga. Ncha ya pili Rajabu aliifunga kwenye bampa. Elia akapita, halafu mimi. Kama Mkubwa angekuwa mtu wa kujali roho yake tu, wewe usingezaliwa. Sitaki ulisahau hilo kwa sababu ya yanayofuata.

Rajabu alibaki wa mwisho kwa sababu alikuwa anaikaza kamba. Alipoanza kuja, gari likapinduka, kamba ikafyatuka kwenye bampa. Mkubwa aliidaka kwa mikono mitupu, akaishika, ikamchuna ngozi yote ya viganja, na mimi na Elia tukamshika yeye kiunoni tunavuta. Tulimwona Rajabu uso wake. Alikuwa anatutazama kama mtu anayengoja jibu. Halafu kamba ikawa nyepesi.

Kulipokucha maji yalikuwa yamekwisha, kama alivyosema. Tulimkuta chini ya korongo, mchanga umemfunika hadi kifuani. Mkubwa alipiga magoti akamfukua kwa ile mikono iliyochunika. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Tulimpeleka kwao, akazikwa siku hiyo hiyo. Zuhura alikuwa amebebwa mgongoni na bibi yake. Baada ya mazishi wanaume tumekaa kwenye mikeka, Mkubwa akasimama kutoa pole, mikono imefungwa bandeji. Alianza vizuri. Alimsifu marehemu. Kisha akasema, na naona hata sasa namna alivyokuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, "Ndugu yetu alikuwa dereva hodari, ila jana alijiamini kupita kiasi. Tulimwomba tusubiri."

Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akasema ndiyo, madereva ndivyo walivyo. Nilimtazama kaka yake Rajabu, akainamisha uso kwa aibu. Uliwahi kuona mtu anafiwa halafu anaona aibu kwa ajili ya aliyekufa? Kutoka pale mjane angekuwa mke wa mzembe aliyekaribia kuwaua wakubwa, na yule mtoto mgongoni angekuwa mtoto wa mzembe.

Elia akasimama. Nilidhani anakwenda kujisaidia. Alikuwa anatetemeka, sauti haitoki, akaanza mara ya kwanza ikakataa.

"Samahani Mkubwa. Samahani wazee. Rajabu alikataa kuvuka. Alikataa, akaamriwa. Na mimi nililijua lile korongo, nikanyamaza."

Mkubwa akasema kwa upole wa kutisha, "Elia, umechoka. Kaa chini."

"Nimechoka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Huyu kijana naye alikuwepo."

Akanielekeza mimi. Macho yote yakanigeukia. Nilisimama, nikasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Maneno mawili tu. Usinihesabie ushujaa, kwa sababu kuwa wa pili ni rahisi mno ukilinganisha na kuwa wa kwanza, na kama Elia asingesimama sijui kama miguu yangu ingeninyanyua. Lakini kaka yake Rajabu aliinua uso. Hilo nililiona.

Mkubwa alikaa. Aliondoka kabla ya chakula.

Elia alihamishiwa mbali, huko akabanwa hadi akaacha kazi, akarudi kulima zabibu. Nilikuwa namtembelea. Siku moja nilimwambia kwamba alichofanya pale msibani ni kitu kikubwa. Alikasirika, mara pekee niliyomwona amekasirika. "Usiniambie hivyo. Ningesema pale mtoni, pasingekuwa na msiba wa kusema." Alikufa na hilo.

Na Mkubwa niliitwa kumwona hospitali siku zake za mwisho. Alikuwa amekonda, shuka limemzidi. Watu wa mjini bado walikuwa wanakuja kumshika ile mikono yenye makovu na kumwambia wewe ni mwanamume. Walipotoka akanionyesha viganja. "Hivi wanavisifu. Wewe unajua vingine." Akaniuliza mtoto wa Rajabu yuko wapi. Nikamwambia yuko Chang'ombe, ni fundi cherehani. "Anajua?" Nikasema anajua, mama yake nilimwambia yote. Akageukia ukutani.

Hao ndio watu wako watatu, Yona. Sasa niambie unawaweka wapi. Mkubwa wa pale mkutanini, au wa kwenye mchanga akitazama saa, au yule wa majini, au wa mkekani? Elia wa kwenye faili au Elia aliyesimama? Kati ya safari ile na mazishi hata siku mbili hazikupita. Mimi nimejaribu miaka yote hii kumchukia Mkubwa nikashindwa, na nimejaribu kumsamehe nikashindwa pia, na nimeacha kutafuta jina la kumpachika.

Huko unakokwenda utasomeshwa habari za watu wakubwa kuliko huyu. Wasome. Wapende ukitaka, wacheke. Ila ukiona picha ya mtu amekunja mikono kifuani, tafuta siku ile alikuwa anamwogopa nani. Tafuta ni nani aliyemwambia tungoje, na alijibiwa nini. Mimi ningefaulu zaidi maishani kama ningekuwa na tabia ya kuuliza hayo mapema, badala ya kuwafuata watu kwa sababu wananyamazisha mikutano.

Sikukuamuru ufute video. Ningeweza, na ungefuta kwa hasira, na usingejifunza chochote isipokuwa kwamba baba yako naye anapenda kuamuru. Nakuomba jambo moja. Zuhura hufungua kibanda mapema. Pita ukamsikilize. Usiende na maelezo. Ana mambo ya baba yake aliyoyapata kwa mama yake, kwamba alikuwa anaimba akioga, kwamba alikuwa mwoga wa mbwa. Hata mimi siyajui yote.

Nimesikia geti, nadhani ni wewe. Sitakuja kukugongea, barua nitaipitisha chini ya mlango.

Umemwambia mama yako kwamba kesho utakwenda stendi peke yako na bodaboda. Nitakuja nyuma kwa nyingine. Huna haja ya kuongea na mimi. Nitasimama upande wa dirisha lako mpaka basi liondoke, nawe ukitaka kutazama simu, tazama.

Baba yako.